Pilipili ya Kwenye Ndoo Inapougua: Chunguza Kwanza, Nunua Baadaye

Katika nyumba nyingi za mijini, mpilipili mmoja uliopandwa kwenye ndoo kuukuu hutosheleza mahitaji ya jiko kwa miezi mingi. Ukitunzwa vizuri, huishi zaidi ya mwaka mmoja na kuzaa mara kwa mara. Kwa sababu hiyo, majani yake yanapoanza kujikunja au kugeuka manjano, mwenye nyumba hufadhaika, na aghalabu hatua yake ya kwanza ni kwenda dukani kununua “dawa”. Huko hupimiwa kimiminika ndani ya chupa ya maji ya kunywa, isiyo na kibandiko wala maelekezo. Fedha hutumika, mmea huendelea kudhoofika, na hatari mpya huingia nyumbani kwa mlango wa jikoni.

Makala hii inakusudia kumsaidia mtumiaji kutambua tatizo kabla ya kutumia fedha. Matatizo mengi ya pilipili za kwenye vyombo hayatokani na wadudu wala magonjwa. Hutokana na maji, chombo na udongo, na hayo hurekebishwa bila kununua kiuatilifu chochote.

Anza na maji

Mpilipili ulionyauka haumaanishi daima kwamba una kiu. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatiririke chini ya chombo. Ukiwa umelowa ilhali mmea umenyauka, usiongeze maji: yamkini mizizi inakosa hewa na imeanza kuoza.

Ili kuthibitisha, toa mmea pamoja na udongo wake kwa uangalifu. Mizizi yenye afya ni myeupe na imara. Mizizi iliyooza ni ya kahawia, laini, na huwa na harufu mbaya. Kata sehemu zilizooza kwa kisu safi, kisha pandikiza mmea kwenye udongo mpya unaopitisha maji. Hakikisha chombo kina matundu manne au matano chini, na usikiache kikae ndani ya sahani iliyojaa maji.

Wakazi wa mwambao wanaotumia maji ya kisima wazingatie jambo moja zaidi. Maji ya visima vingi huko yana chumvi, na katika chombo chumvi hiyo haina pa kwenda. Dalili zake ni ncha za majani kuungua na utando mweupe juu ya udongo. Mbolea ya dukani ikizidi huleta dalili hizohizo. Tiba ni kuosha udongo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mathalani ya mvua: kwa ndoo ya lita 10, pitisha taratibu lita 20 hadi 30, na uyaache yatoke yote kwa chini.

Chombo na joto

Mpilipili mmoja huhitaji chombo cha lita 10 hadi 20. Katika kopo dogo mizizi hujizungusha, udongo hukauka kabla ya jioni, na mmea hudumaa hata ukitiwa mbolea. Ndoo nyeusi iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji hupata joto kali. Iinue juu ya matofali na uikinge na jua la alasiri.

Maua yanayopukutika katika majira ya joto yasikutie hofu. Joto la mchana linapopita nyuzi 32, au usiku unapokuwa na joto mno, mpilipili huangusha maua. Hali ikipoa, hutoa mengine. Hakuna dawa inayohitajika.

Soma majani

Majani ya chini yakigeuka manjano kwa usawa huku mmea ukikua polepole, huenda umepungukiwa na naitrojeni. Samadi iliyooza vizuri au mboji itasaidia. Samadi mbichi huunguza mizizi. Majani machanga ya juu yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, mmea unakosa madini ya chuma, jambo ambalo mara nyingi husababishwa na udongo wenye chokaa nyingi au mizizi iliyolowa mno.

Tunda likiwa na doa jeusi lililobonyea upande wa kitako, tatizo ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda. Katika vyombo, chanzo chake kikuu ni umwagiliaji usio na utaratibu: leo mafuriko, kesho ukame. Mwagilia kwa kiasi kilekile kila siku kabla ya kukimbilia mbolea.

Geuza jani, tazama chini

Wadudu waharibifu wa pilipili hukaa zaidi chini ya majani. Vidukari hukusanyika kwenye machipukizi na kutoa utomvu mtamu unaowavuta sisimizi. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, watafute vidukari. Inzi weupe huruka mmea unapotikiswa. Majani machanga yakijikunja kuelekea chini, yakawa membamba na yenye rangi ya shaba upande wa chini, mshukiwa wa kwanza ni utitiri, ambao ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Kwa vidukari na inzi weupe, anza kwa kuwaosha kwa maji yenye nguvu. Wakibaki, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji. Jaribu kwenye majani mawili na usubiri siku moja. Yasipoungua, nyunyizia jioni, hasa chini ya majani, na urudie kila baada ya siku 5 hadi 7. Sabuni huua mdudu inayemgusa tu, hivyo unyunyiziaji wa harakaharaka hauna faida.

Utitiri ni suala jingine. Viuatilifu vingi vya kuua wadudu haviuui, na baadhi huuongeza kwa kuwa huangamiza wadudu rafiki wanaoula. Kata machipukizi yaliyoathirika, yafunge kwenye mfuko na uyatupe. Ukilazimika kununua kiuatilifu, kibandiko kitaje utitiri na zao la pilipili.

Wakati wa kukata tamaa

Ipo mimea isiyookolewa. Majani yenye mabaka ya kijani kibichi na manjano, yaliyokunjamana, kwenye mmea uliodumaa, huashiria virusi, ambavyo havina tiba. Mmea ukinyauka ghafla ungali wa kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo na ukitumbukize wima kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Katika hali zote mbili, ng’oa mmea, utupe pamoja na udongo wake, na uoshe chombo, kisu na mikono kwa sabuni.

Mmea uliodhoofika kwa sababu nyingine una matumaini. Chanzo kikisharekebishwa, punguza matawi ukiacha sentimita 15 hadi 20 za shina lenye vifundo, ondoa matunda yote, uweke kivulini kwa wiki moja, na usiutie mbolea mpaka utoe machipukizi mapya.

Unapolazimika kununua kiuatilifu

Mtumiaji anayo haki ya kujua anachouziwa. Tunashauri yafuatayo:

1. Nunua kiuatilifu kilicho katika kifungashio chake halisi kilichofungwa, chenye namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo unayoyaelewa. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto hawezi kutofautisha.

2. Hakikisha zao lako limetajwa. Kiuatilifu kilichosajiliwa kwa pamba hakikukusudiwa kwa kiungo utakachokatia kachumbari.

3. Tafuta idadi ya siku za kusubiri kati ya kunyunyizia na kuvuna, na uziheshimu. Pilipili huliwa mbichi, tena huvunwa kidogo kidogo kila siku. Hapo ndipo wengi hukosea. Kabla ya kunyunyizia, vuna zilizokomaa.

4. Dai risiti na uitunze. Bila risiti, malalamiko yako ni vigumu kuyafuatilia.

5. Kiuatilifu kikimwagikia mwilini, vua nguo na uoge kwa maji mengi na sabuni. Kikimezwa, usimtapishe mgonjwa. Mpeleke haraka kituo cha afya pamoja na kifungashio.

Kwa muhtasari, pima udongo kwa kidole, kagua mizizi, soma majani, kisha geuza jani. Hatua hizo nne hazigharimu chochote. Ukizikamilisha na bado hujapata jibu, mpelekee afisa ugani wa kata yako tawi lenye dalili likiwa ndani ya mfuko uliofungwa, kabla hujafungua pochi dukani.