Kufuta jina hakumfichi mteja wa ushauri nasaha

Kituo cha ushauri nasaha hukusanya taarifa nyingi kuliko mteja anavyodhani. Kabla mazungumzo hayajaanza, mapokezi huandika jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, makazi, kazi na ndugu wa kupigiwa simu dharura ikitokea. Ndani ya chumba, mshauri huongeza tatizo lililomleta mteja, historia ya familia, dawa anazotumia, majibu ya madodoso ya kupima sonona au wasiwasi, na maelezo ya kila kikao. Mhasibu ana stakabadhi. Simu ya kituo ina jumbe za kukumbushia miadi. Taarifa za afya ya mtu zimewekwa na sheria katika kundi linalohitaji ulinzi wa juu: Kenya na Uganda kwa sheria za mwaka 2019, Rwanda 2021, na Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Kituo kinachofanya kazi kwa uangalifu hutenganisha maandishi ya aina mbili. Kuna jalada rasmi: tarehe za vikao, tatizo kwa maneno ya jumla, mpango wa matibabu, maendeleo. Halafu kuna daftari la mshauri mwenyewe, anamoandika dhana zake, maneno ya mteja yaliyomgusa na maswali ya kikao kijacho. Nchini Marekani, kanuni za usiri wa taarifa za afya hulipa daftari hilo ulinzi mkubwa zaidi ya jalada, mradi tu limehifadhiwa peke yake; kampuni ya bima haiwezi kudai lisomwe kwanza ndipo ilipe. Likichanganywa na jalada, ulinzi huo hutoweka. Mantiki yake inafaa popote, hasa kwa kuwa daftari la mshauri limejaa majina ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kituoni: baba mkwe, bosi, mchepuko, mtoto wa kambo. Hao hawakusaini fomu yoyote ya ridhaa. Ndiyo maana mshauri aliyefunzwa huandika kwa kifupi. “Mgogoro na mkwe” inatosha. Mkwe huyo ni nani na alifanya nini si lazima viingie kwenye karatasi.

Siri nyingi hazivuji kupitia kinywa cha mshauri. Hupita kwenye njia za kawaida ambazo hakuna anayezitilia shaka. Fomu ya madai ya bima hubeba msimbo wa ugonjwa, na msimbo F32 katika toleo la kumi la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ni sonona, awe anausoma daktari au karani. Mwajiri anayelipia vikao hutaka ripoti. Msimamizi wa kitaaluma, ambaye kila mshauri makini anaye, husikia kesi ili amwelekeze mwenzake. Mkufunzi hutoa mfano darasani. Katika njia hizi mbili za mwisho, kinga inayotumika sana ni kuondoa jina, na hapo ndipo lilipo kosa ambalo hata wataalamu wanaendelea kulifanya: wanaamini kwamba taarifa isiyo na jina haina mwenyewe.

Hesabu ya jambo hili ni rahisi, na inashtua. Kila taarifa kuhusu mtu hupunguza idadi ya watu anaoweza kuwa. Jinsia huikata idadi hiyo nusu. Mikato ya nusu kwa nusu inayotakiwa ili kufika kwa mtu mmoja kati ya watu wote duniani, wanaozidi bilioni 8, ni 33 tu. Kwa kata yenye watu 16,000 mikato 14 inatosha. Si lazima kila mkato uje peke yake, kwa sababu taarifa moja huweza kubeba kadhaa. Mwaka wa kuzaliwa hubeba kama sita, kwa kuwa watu wa umri mmoja ni sehemu ndogo sana ya kata. Siku na mwezi wa kuzaliwa huongeza zaidi ya minane, maana mwaka una siku 365. Jinsia pamoja na tarehe kamili ya kuzaliwa hufikisha mikato 15 au zaidi, na kata yote imekwisha. Fomu ya mapokezi huuliza vyote viwili kwenye mistari ya kwanza.

Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alilithibitisha hilo katikati ya miaka ya 1990 akiwa bado mwanafunzi. Taasisi ya bima ya watumishi wa jimbo la Massachusetts ilikuwa imewapa watafiti kumbukumbu za matibabu zilizofutwa majina, na gavana wa wakati huo, William Weld, aliuhakikishia umma kwamba siri za wagonjwa ziko salama. Sweeney alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikoishi gavana. Watu sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa kama yake. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu aliishi katika eneo lake la posta. Kumbukumbu za matibabu za gavana zikawa zimepata mwenyewe. Baadaye Sweeney alikadiria kwamba jinsia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya eneo la posta vinawatambulisha asilimia 87 ya Wamarekani. Hesabu nyingine ya mwaka 2006 ilipata asilimia 63. Hata kiwango hicho cha chini ni zaidi ya nusu ya taifa.

Msikilizaji wa karibu anahitaji mikato michache zaidi. Mgeni huanza na mabilioni ya watu, lakini jirani huanza na nyumba thelathini za mtaa wake, na mikato mitano inamtosha. “Muuguzi mmoja aliyefiwa na mume mwaka jana” ni sentensi isiyo na jina, tena salama kabisa mbele ya hadhira ya Stockholm. Ikitamkwa katika mji mdogo wenye zahanati mbili, kila anayesikia anajua ni nani. Kwa hiyo mfano wa darasani au wa kikao cha usimamizi unapaswa kubadilishwa kazi ya mhusika, umri, idadi ya watoto na mahali, mpaka mhusika mwenyewe akiusikia asijitambue. Njia nyingine ni kumwomba ridhaa.

Kwa kumbukumbu za kompyuta, dawa ni kumpa mteja namba badala ya jina, kuweka orodha inayooanisha namba na majina mahali pengine, na kusimba maandishi yenyewe ili asiye na ufunguo aone herufi zisizosomeka. Ufini ilijifunza gharama ya kutofanya hivyo. Kampuni ya Vastaamo, iliyokuwa na vituo vya tiba ya mazungumzo sehemu nyingi za nchi hiyo, ilikuwa imehifadhi maelezo ya vikao bila kuyasimba, kwenye kanzidata iliyofikika kupitia intaneti. Mdukuzi aliingia mwaka 2018. Mwaka 2020 kampuni ilidaiwa fidia kwa bitcoin, na ilipokataa, wagonjwa wenyewe walianza kupokea barua pepe: euro 200 ndani ya saa 24, au siri zako zianikwe. Waathirika walikuwa takriban 33,000, wakiwemo watoto. Kampuni ilifilisika Februari 2021, na mwishoni mwa mwaka huo mamlaka ya ulinzi wa taarifa ikatoza faini ya euro 608,000. Nywila iliyoibwa hubadilishwa ndani ya dakika moja. Habari ya kubakwa utotoni ikishasambaa haina mbadala.

Dhana ya kwamba usiri hauna mpaka nayo ni potofu, na mshauri anayeahidi hivyo anamdanganya mteja. Mwaka 1969 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley alimweleza mwanasaikolojia wake kwamba anakusudia kumuua msichana fulani. Polisi wa chuo waliarifiwa, wakamhoji, wakamwachia. Msichana huyo, Tatiana Tarasoff, hakuonywa, na aliuawa Oktoba mwaka huo. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1976 kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda mtu anayetishiwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Amri ya mahakama nayo inaweza kulifungua jalada. Mipaka hii inapaswa kuelezwa katika kikao cha kwanza, kabla mteja hajasema lolote.

Ndoa haimo katika orodha hiyo. Mume hana haki ya kusomewa jalada la mke kwa sababu tu ni mume, wala mke la mume. Na anayelipia vikao hanunui yaliyosemwa humo. Kifo pia hakifungui jalada: Azimio la Geneva la madaktari lina neno hilo tangu mwaka 1968. Wapo pia wanaoamini kwamba usimbaji wa WhatsApp unamaliza kazi. Unalinda ujumbe ukiwa njiani. Haumzuii mtoto aliyeshika simu ya mama wala nakala iliyohifadhiwa kwingine.

Kundi moja halistahili kuvumiliwa. Ni wale wanaojiita washauri wa ndoa mitandaoni, wanaosoma jumbe za wateja mbele ya maelfu ya watazamaji, au kurusha sauti zao zikiwa zimebadilishwa kidogo, na kudai kwamba hawajataja jina. Hesabu ya mikato inaonyesha madai hayo yana thamani gani. Sauti, mji, idadi ya watoto na kisa chenyewe vinamtosha shemeji. Huo si ushauri nasaha kwa namna yoyote ile. Ni biashara ya aibu za watu, na anayeifanya hana haki ya kutumia jina la taaluma.

Mteja anayeanza ushauri aulize mapema: nani anasoma jalada, linakaa wapi na kwa muda gani, bima na mwajiri wanapewa nini, na ujumbe wa miadi utaandikwaje. Kituo kisicho na majibu hakifai. Mteja anaruhusiwa kuomba kuona taarifa zake na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Siri ikivuja, sheria ya Kenya inakipa kituo saa 72 tangu kilipojua kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data, na mteja anaweza kumpelekea malalamiko mwenyewe. Kwa Tanzania malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.