Kabla ya kuita fundi: maswali ya kuuliza resho, frigo na mashine ya kufulia

Juma hili tuzungumze juu ya vyombo vya umeme vya nyumbani. Nyumba nyingi mjini zina resho na pasi. Wengine wana frigo. Kuna pia vikundi vya akiba ambavyo vimechanga pesa na kununua mashine ya kufulia iliyokwisha kutumika, ili kufulia watu kwa malipo. Siku chombo kinapozima, mara nyingi tunasikia neno moja tu: «Mota imeungua.» Mama anatoa pesa ya chakula au ya minerval ya mtoto, kumbe kilichohitajika ni kusafisha chujio.

Shuleni tunamtoa mtoto kwenye jambo rahisi na kumpeleka kwenye gumu. Na kwa vyombo ni hivyo: tuanze na maswali rahisi, na yale magumu tumwachie fundi.

Kwanza, uhai

Kuzima kitufe si kuchomoa. Kabla ya kugusa chombo kilichoharibika, chomoa fishi kwenye prizi. Mikono iwe mikavu, viatu miguuni, na sakafu isiwe na maji. Microwave na televisheni usizifungue hata kidogo: ndani yake umeme mkali unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa.

Kama unagusa sufuria juu ya resho na kuhisi kama sisimizi wanatembea mkononi, usizoee hali hiyo. Umeme unavuja. Wewe umevaa viatu, unahisi kidogo. Mtoto aliye miguu wazi kwenye sakafu yenye maji anaweza kufa. Siku hiyo hiyo acha kutumia resho hiyo mpaka itengenezwe. Na mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kata umeme kwenye disjonkteri. Kama iko mbali, simama pakavu, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu.

Je, umeme unafika?

Chombo kikizima, chomeka kwenye prizi hiyo kitu kingine unachojua ni kizima, kama taa. Taa ikikataa, shida ni prizi au waya wa nyumba, si chombo. Angalia pia rangi ya prizi. Ikiwa imegeuka kahawia au inanuka plastiki iliyoungua, ibadilishwe.

Resho ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 220 inavuta karibu amperi 9. Ralonji nyembamba ya redio haibebi mzigo huo. Itapata moto hadi kuungua. Resho na pasi zichomekwe moja kwa moja ukutani, tena si pamoja kwenye prizi moja. Fizibo ikikatika, usiweke msumari wala waya mahali pake. Fizibo inakatika ili nyumba isiungue.

Pasi ikiwaka na kuzima unapoisogeza, mara nyingi waya umekatika ndani, pale unapoingia kwenye mpini. Kubadilisha waya ni kazi ndogo kwa fundi, tena bei yake ni nafuu kuliko pasi mpya. Usifunge mahali hapo kwa kitambaa au sasheti.

Frigo

Jioni, wakati kila nyumba inapika, umeme unashuka. Resho inachelewa tu kuivisha. Lakini mota ya frigo inahangaika kuzunguka, inapata moto, na mwisho inaungua. Ukisikia frigo inavuma bila kuanza, au inajaribu na kuacha kila mara, ichomoe mpaka umeme urudi kwenye nguvu yake. Umeme ukikatika, chomoa pia. Ukirudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuchomeka, maana gesi ndani inahitaji muda wa kutulia, na umeme unaporudi mara nyingine unaruka juu. Stabilizateri inasaidia, lakini inunuliwe yenye nguvu kupita ile iliyoandikwa kwenye frigo, kwa sababu mota inapoanza inavuta zaidi.

Frigo haipozi vizuri? Funga mlango juu ya karatasi, kisha vuta karatasi hiyo. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka au umechafuka. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ujaribu tena. Angalia nyuma pia: vumbi litolewe, na nafasi ya kiganja kimoja ibaki kati ya frigo na ukuta. Barafu ikizidi, zima na uache iyeyuke. Usiichokoe kwa kisu! Tundu dogo kwenye bomba linatoa gesi yote, na matengenezo hayo ni ghali sana.

Mashine ya kufulia

Haianzi? Funga mlango mpaka usikie ukibana. Mlango usipobana, mashine haitaanza, nayo si ugonjwa.

Maji hayaingii? Funga robine, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine. Pale unapoungana kuna chujio kidogo sana. Kwa maji yetu yenye mchanga, kinaziba upesi. Kisafishe kwa mswaki wa zamani.

Kisha fikiria msukumo wa maji. Mashine nyingi zinazojiendesha zenyewe zinataka karibu nusu bari. Tangi likiinuliwa mita 10 linatoa bari 1. Kwa hiyo nusu bari ni mita 5. Pipa juu ya meza ya mita 1 halitatosha. Kikundi ambacho mtaa wake hauna maji ya robine ya kutosha kingefanya vizuri kuchagua mashine ya matungi mawili, ile inayomiminiwa maji kwa ndoo. Liulizwe jambo hili kabla ya kulipa.

Maji hayatoki? Chomoa, ngoja maji yapoe, weka beseni na kitambaa chini. Mbele ya mashine, chini kabisa, mara nyingi kuna kifuniko. Nyuma yake ni chujio cha pampu. Kifungue polepole. Humo utakuta vifungo, sarafu, pini za nywele, hata soksi ya mtoto. Mlango unaokataa kufunguka mara nyingi unangoja maji hayo yatoke. Hata yakitoka, mpe dakika 2.

Inajaza maji bila mwisho? Tazama mpira wa kutoa maji. Ukilala chini, maji yanatoka yenyewe wakati mashine inajaza. Mwisho wake uwekwe juu, kati ya sentimita 60 na 100 kutoka chini.

Inarukaruka? Mashine mpya inakuja na buloni nyuma, zilizofungwa ili ngoma isitikisike safarini. Zisipotolewa, mashine itacheza nyumba nzima na kuvunjika. Halafu sawazisha miguu yake, na usifue blanketi moja zito peke yake. Povu likifurika, umeweka sabuni ya kufulia kwa mkono. Punguza sana, au tafuta ile ya mashine.

Sasa mwite fundi

Kama umeuliza yote hayo na chombo bado kimelala, kazi ni ya fundi. Lakini sasa utazungumza naye ukijua: «Umeme unafika, maji yanaingia, chujio ni safi, lakini ngoma haizunguki.» Mwambie ataje bei kabla ya kufungua. Akibadilisha kitu, akuachie kile cha zamani. Na chombo kijaribiwe mbele yako kabla ya malipo. Fundi mwaminifu hatakasirika. Atafurahi kwa sababu umemfupishia kazi.

Kwa vikundi vyenye mashine ya pamoja, ninashauri mambo mawili. Chagueni mama mmoja wa kusafisha chujio kila juma, jina lake liandikwe kwenye daftari la kikundi. Na kila mwezi wekeni kando sehemu ya mapato kwa matengenezo, kabla ya kugawana. Mkigawana yote, siku mashine itakapolala mtarudi kwenye mifuko ya nyumbani.

Jumamosi hii, tafadhali, kila mama atazame prizi za nyumba yake, moja moja, na kila waya ambao mtoto anaweza kufikia.