Msitu wa Babu Umehamia Wapi?

Mwanzoni mwa mwezi Septemba mwaka jana nilifunga safari pamoja na binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, kwenda kumwamkia babu yake katika kijiji kimoja jirani na Butiama. Mtoto huyu amezoea kwenda huko mwezi wa Desemba tu. Tulipoipita Bunda alianza kunyamaza. Tulipofika nyumbani alisimama uani, akautazama mteremko ulio nyuma ya boma, kisha akaniuliza: "Mama, msitu wa babu umehamia wapi?"

Msitu ulikuwapo pale pale. Hata hivyo, nilipoutazama kwa macho ya mtoto, nilikiri kuwa ana haki ya kuuliza. Desemba njia ya kwenda kijitoni huzibwa na nyasi, hata mwenzako aliye hatua kumi mbele humwoni, humsikia tu. Vyura hupiga kelele usiku kucha, na kumbikumbi huruka kutoka vichuguuni. Septemba migunga imebaki matawi na miiba, ardhi imepasuka, na mtu akisimama mlangoni aweza kuhesabu mapaa ya bati hadi ng'ambo ya bonde. Njia ile ambayo Desemba mtoto aliiona ndefu na ya kutisha sasa ilikuwa hatua chache. Ni mkuyu mmoja tu wa kijitoni uliobaki na kivuli, na ng'ombe wote walikuwa chini yake.

Babu yake alicheka. "Haujahama, mama," alimwambia. "Wewe hujapata kuuona ukiwa na njaa."

Sisi tuliokulia Musoma mjini tuna udhaifu huu. Ziwa halipukutishi majani, na yale majabali makubwa yana sura moja Januari hadi Desemba. Wazee wa vijijini hawakuyaweka majira mbali nao. Hata majina waliyatoa humo. Mtoto aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, wakati wa masika, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alipata lake kutokana na viwavi waliovamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake. Taifa zima likaja kuyatamka majina hayo mawili pamoja, wengi wetu tusijue kwamba moja ni la mvua na jingine ni la viwavi.

Pale Butiama, kando ya Mwitongo alikozikwa Mwalimu mwaka 1999, upo msitu mdogo wa Muhunda, ambao Wazanaki huuheshimu kwa ajili ya mzimu wa jina hilo. Haukatwi kiangazi wala masika. Msitu wa baba yangu hauna mzimu wa kuulinda. Una mzee mmoja tu.

Na siku ile mzee huyo alikuwa na mgeni mwingine, kijana wa ukoo wetu aishiye mjini. Hoja yake ilikuwa kwamba miti ya mteremko imekwisha kufa, heri ichomwe mkaa, ilipie ada za wadogo zake. Hakuwa mtu mbaya. Ada zilikuwa zinadaiwa kweli. Naye, kama binti yangu, hufika mara moja kwa mwaka, ila yeye huja kiangazi, njia zikiwa kavu. Hajapata kuuona msitu ule ukiwa na majani.

Baba hakubishana naye. Alichukua kisu, akakwangua gome la mgunga ulioonekana kukauka kuliko yote. Ndani mlikuwa na ubichi wa kijani, wenye majimaji.

"Rudi Novemba, mwanangu," alisema, "tuzungumzie hapa hapa."

Kijana alikubali kwa shingo upande, maana ada haingoji mvua. Kesho yake baba aliuza mbuzi wawili, akampa fedha.

Katikati ya Novemba binti yangu aliomba simu yangu. Hata kumwamkia babu yake alisahau. "Babu, msitu umerudi?" Nilisikia mvua ikipiga bati upande wa pili, na mzee akilazimika kupaza sauti ili asikike. Yule kijana alikuwa bado hajafika.