Kutoa dukuduku hakutoshi: sayansi ya kuandika yaliyokusibu

Katika maswali ya wasomaji kuhusu msongo wa mawazo, moja halikomi: je, ni kweli kwamba kuandika yanayokusumbua kunatibu? Linastahili jibu la maana, kwa sababu mpaka sasa waliowahi kulijibu ni wauza daftari na wenye semina. Wengine wanadai kwamba kuandika kila alfajiri kunashusha sukari. Wengine wanafundisha kuandika jina la aliyekuudhi na kuchoma karatasi, eti uchungu uondoke na moshi. Huo ni uongo, na mgonjwa wa kisukari anayeuamini akaacha dawa anaweza kuulipia kwa mguu wake au kwa uhai wake.

Chini ya takataka hizo, hata hivyo, ipo sayansi ya kweli yenye umri wa takriban miaka 40.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha jaribio walilolifanya Dallas, Marekani. Wanafunzi 46 wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Kundi moja lilipewa mada zisizo na uzito. Makundi mengine matatu yaliandika juu ya jambo zito lililowahi kuwaumiza, lakini kwa namna tofauti: la kwanza lieleze tukio tu, la pili hisia tu, la tatu tukio pamoja na hisia zake. Kisha watafiti wakafuatilia kwa miezi sita ni nani anakwenda zahanati ya chuo, na mara ngapi.

Waliounganisha tukio na hisia ndio waliopunguza safari za zahanati. Tena, mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko wenzao, na shinikizo lao la damu lilikuwa juu zaidi. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba utainuka mezani ukiwa mwepesi hajasoma hata utafiti wa kwanza.

Hapo ndipo imani moja kubwa inapoanguka. Watu wengi huuona moyo kama sufuria lililofunikwa: mvuke ukijaa, funua kifuniko, kazi imekwisha. Ingekuwa hivyo, waliomwaga hisia tupu wangefaidika kuliko wote, maana hao ndio walioachia mvuke mwingi. Haikuwa hivyo. Kutoa dukuduku peke yake hakukutosha. Kilichosaidia kilihitaji kazi zaidi.

Kazi gani? Jibu la kuvutia kuliko yote lilitoka kwenye maneno yenyewe. Pennebaker na wenzake walitengeneza programu ya kompyuta inayohesabu aina za maneno, wakaipitishia maandishi ya washiriki wa majaribio kadhaa. Mwaka 1997 walieleza walichokiona. Walioboreka kiafya walikuwa wale ambao, siku hadi siku, waliongeza maneno ya kutafuta chanzo na ya kuelewa: “kwa sababu”, “ndiyo maana”, “sasa natambua”. Aliyeanza siku ya kwanza akiwa na maelezo yaliyokamilika, akayarudia mpaka siku ya mwisho, hakupata faida hiyo. Hata viwakilishi vilikuwa na habari. Uchambuzi wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliobadilisha namna ya kutumia “mimi” na viwakilishi vingine kutoka andiko moja hadi jingine ndio waliopunguza kwenda kwa daktari. Leo mtu anaandika alivyoumia. Kesho anaandika alichokuwa anakipitia baba yake siku ile ile. Tukio halijabadilika, lakini anayelitazama amesogea akasimama mahali pengine.

Na kusogea huko kunaugusa ubongo. Jambo ambalo halijapangwa hujirudia kichwani bila kuitwa: unapika, linakuja; unasali, linakuja. Kila linapokuja linakula sehemu ya ile nafasi ndogo ambayo akili huitumia kushika mambo kwa muda mfupi, kama vile namba ya simu unayotajiwa au hesabu ya chenji. Mwaka 2001 Kitty Klein na Adriel Boals waliwapima wanafunzi wa mwaka wa kwanza nchini Marekani. Walioandika mawazo na hisia zao kuhusu kuanza chuo walikuwa wameongeza uwezo huo, wiki saba baadaye, kuliko walioandika mambo ya juujuu. Katika jaribio la pili, mawazo yanayojileta yenyewe yalipungua pia.

Kuna ushahidi mwingine kutoka mashine za kupiga picha za ubongo. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, huko Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu. Walipotakiwa kuitaja hisia iliyo usoni kwa neno, amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilipunguza kazi yake, huku eneo la mbele linalosaidia kujidhibiti likiongeza. Kuipa hisia jina, basi, tayari ni hatua ya kuitawala.

Sasa mipaka, ambayo wauza semina hawaitaji. Mwaka 1999 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilitoa utafiti wa wagonjwa 112 wa pumu na baridi yabisi. Baada ya miezi minne, asilimia 47 ya walioandika juu ya mikasa yao walikuwa na nafuu ya wazi, dhidi ya asilimia 24 ya wengine. Zoezi hilo liliongezwa juu ya matibabu yao. Halikuchukua nafasi ya dawa. Tena, jaribio jingine la pumu la mwaka 2005 halikuona faida. Joanne Frattaroli alipojumlisha tafiti 146 mwaka 2006, alikuta faida ipo, lakini ni ndogo.

Mpaka huo unaonekana hata katika ushairi wetu: Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye na kuikumbuka ndoa yake. Maradhi hayakuondoka, alifariki muda si mrefu baadaye. Alichokipata ni kuyapanga maisha yake mpaka mwingine akaweza kuyasoma, na hilo ndilo kalamu inaloweza.

Wapo pia wanaoumizwa na zoezi hili. Mwaka 2013 David Sbarra na wenzake walichapisha utafiti wa watu 90 waliokuwa wametengana na wenzi wao karibuni. Wale wenye tabia ya kulichimba jambo lile lile bila kufika mwisho walipona polepole zaidi walipoandika hisia zao kuliko walipoandika ratiba ya siku tu.

Kwa anayetaka kujaribu: dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne. Andika lililotokea na ulivyojisikia, kisha uliza kwa nini. Tumia lugha unayoiwaza. Usijali tahajia, karatasi ni yako, ihifadhi au ichane. Usianze msiba ukiwa bado mbichi. Ukiona unazama, acha. Dawa za hospitali ziendelee.

Mwenye jinamizi la kila usiku, sonona inayomzuia kula, au mawazo ya kujiua asibaki na daftari peke yake. Aende hospitali leo. Huko nako kuandika kunaweza kutumika, kukisimamiwa na mtaalamu. Mwaka 2018 Denise Sloan na Brian Marx wa Boston walionyesha, kwa watu wazima 126 wenye athari za kiwewe, kwamba vikao vitano vya kuandika kwa mwongozo havikuzidiwa na tiba ya mazungumzo ya vikao 12, na waliokatisha matibabu walikuwa wachache zaidi. Kwa nchi zetu, ambako wataalamu wa afya ya akili ni wachache na nauli ya kila kikao ni mzigo, tofauti ya vikao saba inastahili kujaribiwa katika kliniki zetu wenyewe.