Damu Kabla ya Nikaha

Posa ifikapo, wazee wetu wa Kasingirima, Ujiji, huuliza dini, tabia na ukoo. Twawaomba waongeze swali moja: je, vijana hawa wamepimwa selimundu?

Maradhi haya hurithiwa. Chanzo chake ni herufi moja iliyogeuka katika DNA: palipokuwa na A pamekaa T. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, wala hajijui. Lakini wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo kuleta mtoto mgonjwa.

Maabara hujuaje? Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa, ikipitishiwa umeme, hailingani mwendo na ya mzima. Siku hizi DNA yenyewe huzidishwa, kisha hutiwa kimeng'enya kikatacho: penye herufi ya asili hukatika, iliyogeuka haikatiki, na urefu wa vipande hutoa habari.

Majibu hayo hayavunji posa. Huwapa wachumba ilimu ya kuamua mapema. Ni bora kuliko kumsingizia jirani uchawi, mtoto aliapo kwa maumivu ya mifupa. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.