Anwani ya “https”: Inathibitisha Nini, na Nini Haithibitishi

Mtumiaji anapofungua tovuti ya benki, kivinjari chake na kompyuta ya benki hubadilishana jumbe kadhaa kabla ya taarifa yoyote ya siri kupita. Jumbe hizo hufuata utaratibu uitwao itifaki, ambao huthibitisha utambulisho wa tovuti na kuweka ufunguo wa siri. Anwani inayoanza na “https” ni dalili kwamba utaratibu huo umetumika.

Fumbo imara peke yake halitoshi. Mwaka 1978, Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki ya kuwawezesha watu wawili kutambuana kwenye mtandao. Ilipita miaka 17 kabla ya Gavin Lowe kuonyesha kasoro yake mwaka 1995. Tuseme Asha ameanza mawasiliano na mtu asiye mwaminifu. Mtu huyo aliweza kujifanya Asha mbele ya Juma, akampelekea Asha fumbo la Juma alifumbue bila kujua, kisha akamrudishia Juma jibu sahihi. Hakuna fumbo lililovunjwa. Jumbe zilitumiwa mahali pasipo pake. Tiba ilikuwa ndogo: Juma ataje jina lake ndani ya fumbo, ili Asha atambue kwamba halikutoka kwa yule anayewasiliana naye.

Majaribio ya kawaida hayatoshi kufichua kasoro za namna hii, kwa kuwa mvamizi anaweza kuunganisha jumbe kwa njia zisizo na idadi. Kwa sababu hiyo, wataalamu huiandika itifaki kwa lugha ya hisabati, kisha programu huigeuza kuwa kanuni zinazoweza kukaguliwa na kompyuta. Kama kanuni chache za sarufi zinavyozaa sentensi zisizohesabika, ndivyo kanuni hizo zinavyoeleza kila ujumbe ambao mvamizi anaweza kuuunda kutokana na alizozinasa. Ikithibitika kwamba siri haimo miongoni mwa jumbe hizo, itifaki huhesabiwa kuwa salama kwa masharti yaliyowekwa. TLS 1.3, itifaki inayolinda tovuti nyingi leo, ilichunguzwa kwa programu za Tamarin na ProVerif ikiwa bado rasimu, kabla ya kuchapishwa Agosti 2018.

Hata hivyo, uthibitisho huo unahusu njia, hauhusu nia ya aliye upande wa pili. Tapeli naye anaweza kufungua tovuti yenye “https”. Hivyo, mtumiaji anashauriwa:

1. Kusoma jina lote la tovuti, herufi kwa herufi, kabla ya kuandika nywila.
2. Kusasisha kivinjari na programu za simu, kwa kuwa matoleo ya zamani huweza kutumia itifaki zenye kasoro zinazojulikana.
3. Kutomtajia mtu yeyote namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa benki. Hakuna itifaki inayoweza kuilinda siri ambayo mwenyewe ameitoa.