Mafunzo ya Wasimamizi wa Nidhamu Vyuoni

Nchini Marekani, usimamizi wa nidhamu ya wanafunzi wa vyuo ni taaluma inayofunzwa. Katika kesi ya Dixon ya mwaka 1961, mahakama ya rufaa iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumjulisha mashtaka na kumsikiliza. Mwaka 1988 wasimamizi hao waliunda chama, ambacho huwafunza sheria, uchunguzi wa malalamiko na uendeshaji wa vikao.

Nchini Kenya, kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 humpa anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Hata hivyo, umahiri wa fonolojia haumfanyi mhadhiri kuwa mwamuzi. Anayeketi katika kamati ya nidhamu sharti afunzwe kusikiliza kabla ya kuhukumu.